Kitambaa cha Dada Yustina na Kompyuta Iliyogoma Kuamka

Sisi tuliokulia milima ya Njombe, wakati umeme ulikuwa habari ya watu wa mjini, tulilelewa na redio moja. Sisemi moja kwa kila nyumba. Moja kwa kitongoji kizima, na ilikuwa ya baba yangu. Ilikaa juu ya meza yake yenyewe pale sebuleni, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na mtoto hakuruhusiwa kuigusa, wala kuitazama kwa muda mrefu. Wenzangu wa rika langu mnaelewa. Kitu cha thamani kilifunikwa. Redio ilifunikwa, viti vya wageni vilifunikwa, hata saa ya ukutani, ambayo tangu nipate akili sikuwahi kuiona ikitembea, ilikuwa na kitambaa chake. Kitu kisichofunikwa kilikuwa hakina mwenyewe.

Naanza na redio ingawa nataka kueleza habari ya kompyuta. Mtanisamehe. Shule niliishia darasa la nne, na mwalimu wetu hakufika kwenye kupanga habari. Alifika kwenye kuzidisha akahamishwa.

Basi, baridi. Hapa Champlin, Marekani, ninapoishi kwa binti yangu Neema, watu huniuliza kila mwaka theluji ikianza kama nimeizoea. Nawaambia mimi na baridi tulifahamiana zamani, hii ya Minnesota ni kaka mkubwa wa ile ya kwetu tu. Mwezi wa saba kule Njombe umande ulikuwa unaganda juu ya majani, ukipita pekupeku asubuhi unasikia kama unakanyaga vioo. Tulikwenda shule na kiazi cha moto kila mkono, kimetolewa kwenye majivu sasa hivi. Kinapasha vidole njia nzima, halafu saa nne unakila. Wajukuu zangu wana glavu zenye betri ndani, na bado basi la shule likichelewa kidogo wanarudi ndani kulalamika. Nikiwaeleza habari ya viazi wanacheka, mmoja akaniuliza kwa Kiingereza kama tulivaa viazi.

Jioni tukitoka shule tulikuwa tunateleza kwenye mteremko juu ya maganda ya miwati. Wasioijua miwati, ni miti iliyopandwa kule milima kwa milima, ganda lake linamenywa na kuuzwa kiwandani kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Ganda bichi linateleza kuliko sabuni. Mnakaa wawili wawili, mdogo mbele mkubwa nyuma. Mkubwa wangu alikuwa Dada Yustina, amenizidi miaka miwili. Yeye ndiye aliyekuwa breki. Tukienda kugonga kisiki, aliutanguliza mguu wake.

Sasa redio ile ilikula betri kubwa nne, na betri zilikuwa adimu. Zikianza kuchoka, sauti inakuwa ya mtu anayezama. Baba alikuwa anatupa mimi na Yustina kazi ya kuzianika juani kwenye ungo, kama mahindi. Zikipata joto zilirudiwa na nguvu kidogo, mnapata taarifa ya habari mbili tatu. Nani katika ninyi hakuwahi kuanika betri? Hayo tuliyajua bila kufundishwa na mtu yeyote mwenye cheti.

Ikatokea baba mdogo, ambaye alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge na miaka imepita bila kurudi, akaandika barua. Akasema ametuma kadi kwenye kipindi cha salamu, itasomwa Jumapili fulani mchana, na majina yetu yote yamo. Bibi yetu alikuwa hai bado. Alisema akilisikia jina lake likitoka mle ndani atajua mwanawe ni mzima, maana barua mtu mwingine anaweza kukuandikia.

Wiki hiyo jua halikutoka. Ukungu siku tatu, huoni hata zizi. Betri zipo kwenye ungo, zina baridi kama mawe ya mtoni. Jumapili asubuhi watu wote wako kanisani, mimi na Yustina tumeachwa kulinda nyumba, yeye kashuka kuchota maji, nikawaza kwamba joto ni joto, liwe la jua au la jikoni. Nikazifukia kwenye majivu ya moto kama viazi. Sikujua kwamba betri haiivi. Nilipozifukua zilikuwa zimevimba, zinatoa maji meusi, na moja imepasuka.

Mchana sebule imejaa. Majirani wamekuja na vigoda vyao, wazee wamepewa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, bibi kakaa mbele kabisa. Baba akafunua kitambaa polepole, kama afunuavyo padri, akazungusha kitufe. Kimya. Akafungua nyuma, akaona. Akauliza mara moja tu, nani. Yustina akasema, "Ni mimi, baba."

Hakumchapa. Baba alikuwa si mtu wa fimbo. Alisema tu kwamba inaonekana Yustina ana nafasi nyingi, basi akamenye miwati mpaka betri mpya zipatikane. Betri zilichukua msimu mzima kupatikana. Msimu ulipokwisha, mikono ya Yustina ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko kwa utomvu, na shuleni nafasi yake ilishachukuliwa. Aliishia darasa la pili. Mimi nikaendelea mpaka la nne, nikajua kuzidisha, nikapata kazi ya ukarani wa ghala, na kwa njia hiyo ndefu nikaja kufika huku Marekani kwa binti yangu. Bibi alifariki kabla baba mdogo hajaandika tena. Yustina hakunitaja, si siku ile, si siku nyingine. Na mimi sikujitaja.

Hiyo ndiyo habari ya redio. Sasa kompyuta.

Miaka michache iliyopita nilikwenda nyumbani kusalimia. Neema alininunulia laptop ili nirekodi sauti za ndugu, wajukuu wasije wakasema hatukuwa na watu. Dada Yustina alikuwa mjane tayari, mgongo umepinda, lakini ulimi mzima. Tulikaa jikoni kwake, yeye anapukuchua mahindi kwenye sinia, mashine iko juu ya kigoda inasikiliza. Akasimulia ya bibi, ya kisiki, ya mwalimu wa kuzidisha. Kisha akasema, "Sasa nieleze ya redio ya baba." Nikanyanyuka. Nikasema nakwenda kuangalia mbuzi. Mashine nikaiacha pale inaendelea.

Mbuzi walikuwa wazima. Niliwaangalia muda mrefu sana.

Siku ya kuondoka alinipa kitambaa alichodarizi mwenyewe, ndege wa kijani na maua, akaniambia nifunikie mashine yangu. Nikarudi huku, na ile sehemu ya redio sikuifungua. Nikajiambia nitaisikiliza mwaka ujao. Masika yaliyopita tulimzika. Nasema tulimzika, lakini mimi niliona kwenye simu, picha inakatikakatika, mara wanashusha jeneza, mara uso wa mtu pua tupu. Baada ya hapo nikataka kusikia alichosema. Nikaiwasha laptop, nayo ikagoma. Inawaka, alama inazunguka, inazunguka, halafu giza.

Neema alisema, "Baba, it's just old. Nitakuletea nyingine." Nikamwambia nyingine haina shangazi yako ndani. Neema ni mtoto mwema, anafanya kazi ofisini mji wa Golden Valley, Kiswahili anakisikia chote, ila majibu yake yanatoka nusu kwa nusu.

Kanisani kwetu yuko mama mmoja Mkenya, Wanjiru, nesi, anakaa mji wa Eagan. Watu humpelekea kompyuta zao zilizokata roho. Marehemu mumewe alikuwa fundi, akamwachia besmenti, chumba cha chini ya nyumba, kilichojaa mashine. Badala ya kuzitupa akajifunza. Akaja Jumamosi na flashi mkononi. Akaitazama laptop yangu, akaigonga kidogo kama anayempima mgonjwa, akasema, "Mzee, hii haijakufa. Windows ndiyo imekufa. Tutaiwekea Linux, lakini kwanza tutoe mali yako."

Nikauliza Linux ni nini. Akanieleza kwamba kompyuta bila programu ya kuiendesha ni kama nyumba isiyo na mama, kuta zipo lakini hakuna anayejua chumvi iko wapi. Mama wa kwanza ameondoka. Kwenye flashi yupo mama mwingine, habagui nyumba ya zamani. Tutamwomba aingie kama mgeni kwanza, atusaidie kutoa vitu vya thamani, kisha ndiyo ahamie moja kwa moja. Akihamia atafagia kila kitu. Kwa hiyo vitu vitoke kwanza.

Mambo yalikuwa magumu kuanzia mlangoni. Kumbe mashine ikiamka kuna kitufe cha kubonyeza haraka, kabla haijaanza mambo yake, ndipo inakuuliza leo iamkie wapi, kwenye diski yake au kwenye flashi. Wanjiru alishika waya wa umeme, maana betri ilishakufa na tundu la waya limelegea, mimi nikapewa kitufe. Nikakosa. Tukazima, tukawasha, nikakosa. Mara tano.

"Mzee, unangoja nini?"

Nikamwambia nangoja imalize kuandika. Ilikuwa inaandika maneno pale juu.

"Usiingoje! Ikatize!"

Sasa mtu wa umri wangu anaanzaje kukatiza? Mama yetu alikuwa na neno lake: mwenzio akisema, mdomo wako uwe na mlango. Tulichapwa kwa kudakia maneno ya watu wazima. Nilipomweleza, Wanjiru akacheka mpaka akaachia waya, mashine ikazimika tena. Akasema, "Nyinyi Watanzania, hata kupiga chafya mnaomba ruhusa." Nami nikamjibu kwamba ninyi Wakenya mngekuwa mnaomba, mngeshaelewana. Tukabadilishana kazi.

Hapo ikaamkia kwenye flashi, lakini ikamkataa mgeni. Kuna mlinzi ndani yake, anakataa programu asiyoifahamu. Wanjiru akaingia kwenye mipangilio ya chini kabisa, kwenye kioo cha buluu, akamwambia mlinzi akae. Ndipo Linux ikatokea, rangi nzuri, kimya, haina haraka. Akafungua diski ya zamani, na faili langu likaonekana: Yustina. Nikataka kulisikiliza palepale. Akasema diski imechoka, tusiisumbue, tuinakili kwanza. Akachomeka diski yake ya nje, akaanza kunakili. Ikaandika itachukua saa tatu na zaidi. Yeye ana zamu. Akaniambia maneno mawili: usiiguse, usiizime.

Sikuigusa. Sikuizima. Niliifunika.

Neema alikuwa anapiga mashine ya kufyonza vumbi mle mle besmenti kwetu, ilimo laptop, nami nikaona vumbi linaruka, na kitu kile kina sauti ya dada yangu ndani, kipo uchi mezani. Nikachukua kitambaa chake cha ndege, nikakikunjua vizuri, pembe kwa pembe, nikaifunika yote. Nikapanda juu kunywa chai na roho yangu imetulia.

Niliporudi ilikuwa imezimika. Nilipoifunua, ilikuwa ya moto kama sufuria ya ugali. Kila nilivyobonyeza, giza. Kisha herufi chache nyeupe, na hata mimi wa darasa la nne niliweza kuona kwamba inasema haioni diski.

Nikakikunja kitambaa, nikakirudisha kwenye sanduku.

Wanjiru alipopiga simu baada ya zamu, aliuliza nini kimetokea. Na hapa sitajipamba. Nikasema sijui, labda umeme, Neema alikuwa anapiga vumbi, alichomeka palepale. Kila neno lilikuwa la kweli, na yote pamoja yalikuwa uongo. Neema akasikia. Alikuja akasimama mbele yangu, mtu mzima mwenye watoto wake, akasema, "Sorry, Baba. Sikujua." Wiki nzima akawa ananipikia viazi vya kuchoma, ninavyovipenda, kwenye majivu ya jiko la mkaa alilolitoa nje kwenye theluji. Nilivila. Vilikuwa vimeiva vizuri. Sijawahi kula viazi vigumu kumeza kama vile.

Jumamosi ya pili Wanjiru akaja na bisibisi ndogondogo. Neema akaketi pembeni, mikono katikati ya magoti, kama mtoto anayengoja hukumu. Nikamwona Yustina kabisa. Kifuniko cha chini kilikuwa kimelegezwa skrubu mbili, nikasema, "Neema hakugusa kitu. Niliifunika mimi, na kitambaa."

Wanjiru akanitazama. "Uliifunika? Ikiwa inafanya kazi?"

"Vumbi," nikasema.

Neema akaanza kucheka, kisha akaacha. Akauliza, "Kwa nini hukusema, Baba?" Nikazikusanya zile skrubu mbili, nikazitia kwenye kisahani.

Wanjiru akasema mashine hizi zinapumua, matundu yake yako chini na pembeni, ukiifunika ni kama kumziba mtu pua. Alipofungua, feni ilikuwa imejaa nyuzi na manyoya ya zulia. Akaipuliza, akaisugua kwa kijiti chenye pamba. Akatoa diski, akafuta meno yake, akairudisha, ikalia "ka!" Akatuomba vifuniko viwili vya chupa za soda, akavipachika chini ya laptop ili hewa ipite. Kisha akawasha, akashika kitufe yeye mwenyewe, hakuniuliza. Giza. Akazima, akangoja, akawasha tena. Mara ya tatu Linux ikatokea, na diski ikaonekana. Tulikaa watatu tukiitazama ikinakili kama watu wanaochemsha maziwa, hakuna aliyetoka. Ilipomaliza, nikamwomba ahakikishe. Akahakikisha. Nikamwomba tena. Mara ya tatu akasema, "Mzee wangu, ameshatoka." Ndipo akamruhusu mama mpya ahamie, afagie.

Kisha tukafungua faili.

Kwanza mahindi, yanadondoka kwenye sinia. Kisha sauti yangu inasema nakwenda kuangalia mbuzi. Mlango. Halafu mahindi tena, muda mrefu, mpaka nikadhani hakuna kitu. Halafu Dada Yustina akasema, taratibu, kama anayemwambia karani aandike:

"Ametoka. Basi ninyi watoto mtakaosikia, redio ya babu yenu niliiharibu mimi. Betri nilizifukia mimi kwenye majivu, mimi Yustina. Asije mtu akasema mwingine."

Akarudi kwenye mahindi. Baadaye mlango unasikika, na yeye anauliza, "Mbuzi wazima?" nami nasema wazima.

Wanjiru akaanza kukusanya bisibisi zake, moja moja, polepole. Neema akafuta macho, akasema, "So ni Shangazi aliyeharibu ile redio."

Nikamwambia, "Hapana. Ni mimi." Nikamweleza yote, kuanzia ukungu mpaka miwati, na viazi vya wiki ile nikaviweka humo humo. Aliniuliza maswali mengi kwa Kiingereza, nikamjibu kwa Kiswahili. Jioni ikaingia hatujamaliza.

Haya ninayaandika kwenye mashine hiyohiyo, kwa vidole viwili. Inakaa wazi dirishani juu ya vifuniko vyake viwili vya soda, inaamka vizuri kila asubuhi, mimi naisubiri imalize kuandika bila mtu kunifokea. Kitambaa cha ndege kiko magotini pangu, baridi ya Champlin inaingia kwenye mifupa siku hizi.

Zamani sauti ilikuwa inapita mara moja. Salamu za baba mdogo zilisomwa Jumapili ile, mahali fulani zilisikika, kwetu zilipita juu ya bati bibi akiwa amekaa mbele ya sanduku lililonyamaza. Tulichokosa tulikosa. Watoto wa leo hawajui kukosa. Kila kitu wanakirudisha nyuma na kukisikiliza upya, tena wanachoka katikati. Na mimi sasa ni kama wao. Namrudisha Yustina kila siku, mahindi, mlango, mbuzi wazima. Kila siku anasema ni yeye. Namjibu ni mimi, dada, na yeye anaendelea kupukuchua.